Kilichotokea Nje ya Kiwanda

Jumanne moja ya mwezi Machi, mara tu duka lilipofunguliwa, Adela aliweka vichupa tisa vya dawa juu ya kaunta na kuuliza anachukulia wapi namba. Mwenye duka alimwambia kwamba pale hawatoi namba, wanamhudumia anayefika. Kwa kuwa alikuwa amefika peke yake, alikaa kwenye stuli na kusubiri, mkoba ukiwa magotini.

Duka lenyewe liko Annandale, Marekani, kati ya kinyozi wa Kikorea na daktari wa meno. Hununua na kuuza sarafu, stempu na medali za watu waliokufa. Anayekadiria sarafu ni Respicius, Mhaya wa Muleba aliyewahi kuwa karani ubalozini na ambaye, mkataba ulipokwisha, hakuona sababu ya kurudi nyumbani kuulizwa na ndugu amerudi na nini. Ana kioo cha kukuzia anachokibana jichoni, mizani ndogo na kitambaa cheusi cha kumwagia sarafu. Akiwa na kioo jichoni huwa haongei, na wateja wengine hudhani anawadharau.

Vichupa vilikuwa vya plastiki ya rangi ya chungwa, na vifuniko vyake vyeupe ni vile ambavyo watoto hawawezi kuvifungua. Lebo zote zilikuwa na jina la Cheryl, na dawa zote zilikuwa za presha. Ndani hamkuwa na kidonge hata kimoja. Kila kichupa kilijaa sarafu za dola moja, zile za rangi ya dhahabu zenye picha ya mwanamke wa Wenyeji wa Amerika aliyesafiri na msafara mrefu hali amembeba mwanawe mgongoni. Watu wa huku hawana habari nazo. Ukimpa muuza duka, huigeuza mara mbili kabla ya kuipokea, na wengi huziacha kwenye madroo pamoja na betri zilizokwisha. Lakini ni pesa halali.

Adela alizipata kwa Cheryl mwenyewe, bibi wa Bladensburg ambaye Adela alimwogesha, akamlisha na kumgeuza kitandani kwa miaka tisa. Marehemu mume wa Cheryl alikuwa fundi wa mashine za kuuzia soda, na aliacha ndoo za sarafu kwenye stoo. Kila Jumamosi Cheryl alimpa Adela sarafu moja, mbali na malipo ya wakala uliomwajiri, akisema ni ya mtoto, na za kila mwaka zilijaza kichupa kimoja. Siku ya kwanza alimwonyesha ile picha kwa ncha ya ukucha. "Huyu alikwenda na wake kazini," alimwambia. Adela alishukuru. Wa kwake alikuwa Kibosho, kwa Domina, mama yake Adela, na alikuwa na umri wa miezi kumi.

Kumwacha mtoto kwa bibi yake si habari ya kumshangaza mtu kati ya Watanzania wa huku. Unakuja kwanza wewe, unatafuta makaratasi, unabeba boksi, kazi yoyote inayopatikana, mpaka mambo yakae sawa, ndipo unamwita. Adela alikuja kwa viza ya masomo, akasoma mihula miwili, ada ikamshinda, akaingia kwenye kazi ya kutunza wazee. Makaratasi yalichelewa kama yanavyochelewa ya kila mtu. Baba wa mtoto yuko Mwanza na mke mwingine, na hahusiki na habari hii kama ambavyo hajahusika na mengine.

Mtoto anaitwa Edna. Wakati huo alikuwa anakaribia miaka kumi, yuko darasa la nne, na kwenye simu alimwita Adela mama wa Marekani. Aliyeitwa mama, bila nyongeza, alikuwa Domina. Wakili alikuwa amemwambia Adela kwamba faili la mtoto limefika mwisho, kilichobaki ni kulipia hatua ya mwisho, kununua tiketi na kwenda kuhojiwa viza. Adela alitaka Edna aje angali mdogo, kabla hajafika umri wa kusema sitaki. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, na ndilo lililomleta Annandale.

Wazo la duka lilitoka kanisani, Lanham. Boniface, ambaye hushinda barabarani akiendesha Uber na hivyo anajua kila kitu kinachosemwa kwenye YouTube, alimfuata baada ya ibada akamwambia ameona dola moja ya sarafu imeuzwa kwa bei ya gari, kwa sababu kiwanda kilikosea kuipiga chapa.

"Dada Adela, wewe si unazo kibao? Kazicheki," alisema. "Ikipatikana moja tu yenye kosa, mtoto huyo hapa."

Adela alimjibu kwamba hana muda wa mambo ya YouTube. Jumatano yake akapiga simu dukani.

Respicius alimwaga kichupa cha kwanza kwenye kitambaa. Alikuwa bado hajakaza kioo jichoni alipomgeukia mteja wake na kumsemesha Kiswahili, maana mfuko wa vichupa ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitenge.

"Hizi umezisafisha, dada yangu?"

"Kila Krismasi," Adela alisema. "Kwa majivu na limau. Majivu nayapata kwa jirani, kwenye jiko lake la kuchomea nyama."

"Kwa sababu gani?"

"Si ni pesa za mtoto? Nimwekee mtoto pesa chafu?"

Nyumbani kwao Adela sufuria husuguliwa kwa majivu mpaka mtu ajione uso, na mwanamke mwenye sufuria nyeusi husemwa. Respicius alilijua hilo, maana hata kwao ni hivyo. Alimweleza taratibu kwamba sarafu ya kuuza haioshwi. Mnunuzi anautaka uchafu wake wa asili, ule wa mikono na mifuko iliyopitia, na ukiisugua umeichuna ngozi ambayo ndiyo yenye bei.

"Wachaga mnasifika kwa kujua hela," alisema. "Hili lilikupitaje?"

"Na nyie Wahaya mnasifika kwa kujua kila kitu. We endelea kutazama."

Akaendelea. Alitazama kichupa cha kwanza chote, akakirudisha, akamwaga cha pili. Alipofika cha nne alikwenda kuleta taa.

Kwenye sarafu ya kawaida mtoto amelala mgongoni kwa mama yake, kichwa kimeinama, na mama anatazama nyuma juu ya bega. Kwenye sarafu za Adela za mwaka wa kwanza mtoto alikuwa ameamka na kuinua kichwa. Za mwaka wa pili alikuwa ametoa mguu mmoja kwenye nguo ya kubebea. Za mwaka wa tatu alikuwa ameshuka, amesimama kwenye ukingo wa sarafu, ameshika nywele za mama yake kwa mkono mmoja ili asianguke. Baada ya hapo aliziachia. Mwaka baada ya mwaka alikuwa mbele kidogo zaidi, akiufuata ukingo, na ilionekana wazi kwamba ni wa kike. Kwenye kichupa cha saba alikuwa amenyolewa nywele na kuvaa sweta la shule. Kwenye cha nane alikuwa ameufikia upande wa juu, ameegemea herufi ya kwanza ya lile neno la uhuru lililochapwa hapo kwa Kiingereza, amewapa watu mgongo. Kwenye cha tisa hakuwepo. Nguo ya kubebea ilikuwa bado imefungwa, ila ilikuwa imebonyea, na mama alikuwa anatazama nyuma kama kawaida.

Respicius aliiweka moja ya kichupa cha tisa kwenye mizani, kisha akaiweka nyingine ya kawaida kutoka droo ya duka. Zote zilikuwa gramu nane na pointi moja. Alisafisha mizani na kupima tena, na jibu lilikuwa lile lile.

"Uliyaona haya?" alimwuliza Adela.

"Kaka, nazisugua moja moja. Nitaachaje kuyaona? Nilidhani ndivyo zinavyochakaa." Adela alisogeza stuli. "Ninachotaka kujua ni kama inaongeza bei au inapunguza."

"Inategemea imetokea wapi."

Hapo Respicius alimwita mwenye duka. Mwenye duka ni mtu mkubwa wa mwili ambaye huvaa miwani mbili, moja puani na nyingine utosini, na hubadilisha kufuatana na mteja. Alitazama sarafu sita au saba, akasema ni kazi nzuri sana. Kisha akaeleza sheria ya biashara yao, na ingawa Adela anajua Kiingereza vizuri, Respicius alimrudia kwa Kiswahili, pengine kwa heshima.

Sheria ni hii. Kiwanda cha sarafu kikikosea, kikapiga chapa upande, kikasahau herufi, kikaacha kitu ambacho kingepaswa kuwepo, sarafu hiyo ni ya kosa, na wanaokusanya makosa wako tayari kuuza nyumba waipate. Lakini sarafu ikitoka kiwandani ikiwa kamili, halafu huko duniani ikapigwa nyundo, ikakanyagwa na treni au ikapatwa na lolote lingine, hilo haliitwi kosa. Linaitwa uharibifu, na halina mnunuzi.

"Kiwanda kingemsahau mtoto, leo ungekuwa unachagua nyumba Bethesda kwa matajiri," Respicius alisema. "Swali ni kama walimsahau, au walimweka akaondoka mwenyewe."

Kulikuwa na njia ya kulijua. Mwenye duka alifungua bunda la sarafu ambalo halijawahi kuguswa, akaitoa moja kwa koleo na kuiweka kwenye kiganja cha Adela. Wote watatu waliitazama. Kwa muda mtoto aliendelea kulala. Simu ililia, na mwenye duka akaenda kubishana na mtu kuhusu bei ya medali. Aliporudi, mtoto alikuwa ameamka. Alitoa mguu wa kulia, akatoa wa kushoto, akateleza mgongoni kwa mama yake na kushuka kwenye ukingo kwa hadhari, kama mtu anayeshuka kitanda kirefu. Alipepesuka kidogo. Kisha akaondoka, akapita chini ya neno la uhuru na kutoweka upande wa pili. Adela hakuinua kiganja wala hakukifunga. Alikuwa amekinyoosha vizuri, kama ambavyo mtu hunyoosha mkono apimwe presha.

Ili kuondoa shaka mwenye duka naye alishika sarafu mpya. Mkononi mwake mtoto hakujigeuza hata kidogo. Akamtaka Respicius ajaribu. Mkononi mwa Respicius mtoto hakushuka, ila aliugeuza uso, akautazamisha upande wa pili. Respicius ana wavulana wawili anaoishi nao hapo hapo Annandale, na akiwaita kwa Kiswahili humjibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu. Aliirudisha sarafu kwenye bunda na kufunga karatasi.

"Basi imethibitika," mwenye duka alisema. "Haikutokea kiwandani."

Aliongeza kwamba ile sarafu iliyoshikwa na Adela ilikuwa mpya, nayo sasa imeharibika, kwa hiyo itabidi ailipie. Adela alifungua kichupa cha nane, akatoa dola moja na kumpa. Mwenye duka aliiangalia, akaitupa kwenye droo pamoja na chenji nyingine.

Makadirio yaliandikwa kwenye kikaratasi, kwa hati nzuri ya Respicius. Zimetumika. Zimesuguliwa. Zimeharibika baada ya kutoka kiwandani. Thamani ya kila moja, dola moja. Mwenye duka aligonga muhuri.

Adela aliumia. Njiani alikuwa amejiambia asitegemee kitu, lakini alikuwa ametegemea, na wiki iliyopita alikuwa ameshanunua hadi shuka za kitanda kidogo, za rangi ya zambarau kwa sababu Edna aliwahi kusema anapenda zambarau, au pengine alisema bluu, simu ilikuwa inakatika. Alikusanya vichupa vyake kimoja kimoja. Alipofika mlangoni alirudi.

"Kwa hiyo nimemtoa mwenyewe?"

"Mimi sijasema hivyo, dada Adela," Respicius alisema. "Nimesema haikutokea kiwandani. Ninachopewa kukadiria ni hicho tu."

"Na ningebaki naye?"

"Sarafu?"

"Mtoto. Ningebaki naye Kibosho."

Respicius alifuta kioo chake kwa kitambaa. "Ungekuwa na mtoto," alisema, "na wala usingekuwa na dola."

Alimsindikiza hadi kwenye gari, akambebea mfuko, akamwuliza habari za Moshi na kama mvua zimeanza. Adela alisema mama yake amemwambia zimeanza.

Sarafu alizipeleka benki. Mashine ya benki ilizimeza zote bila kugoma hata moja, kwa kuwa mashine hupima uzito na upana, na hivyo viwili vilikuwa sawa. Ikampa kikaratasi cha jumla. Jumla hiyo haikutosha hata nusu ya wakili, kwa hiyo Adela aliongeza zamu. Cheryl alikuwa amefariki Januari, akazikwa na watu wachache waliomsifu Adela kwa uvumilivu, na wakala ulikuwa umempa mzee mwingine wa Bladensburg, mwanamume mrefu mwenye miguu mizito. Adela alimchukua huyo Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi na Jumapili akachukua mama mmoja wa Lanham. Kanisani wakawa hawamwoni. Boniface alimpigia simu kuuliza kama tayari amekuwa tajiri, akamwambia bado.

Zile sarafu zilitawanyika kama pesa nyingine. Hadi leo ziko kaunti ya Prince George's na ng'ambo ya mto, na mtu akitaka anaweza kuziona. Kuna duka la kufulia nguo ambapo mteja alipewa chenji ya dola yenye msichana wa sweta la shule, akaitumbukiza kwenye mashine ya kukaushia, nayo ikakausha. Kuna mwalimu aliyepata moja yenye nguo tupu mgongoni, akaiweka kwenye sahani ya sadaka. Hakuna aliyelalamika, wala hakuna sababu ya kulalamika, kwa kuwa zinanunua kile ambacho dola inanunua.

Kufikia Mei wakili alikuwa amelipwa. Tarehe ya mahojiano ikatoka, ikawa katikati ya Juni. Domina na Edna walipanda basi Moshi siku mbili kabla, wakafikia kwa ndugu Kimara, na Adela akatuma pesa ya gauni, viatu na picha za pasipoti. Kila alipopiga simu alimwelekeza Edna asiogope, ajibu kwa sauti, aseme ukweli. Edna alisema sawa. Domina alisema mtoto huyu hajui uongo, hilo amemlea nalo, asihangaike.

Siku yenyewe, Dar es Salaam ikiwa mchana na Bladensburg ni asubuhi, Adela alikuwa anakoroga uji wa yule mzee wakati simu ilipolia. Alizima jiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," Domina alisema. Nyuma yake zilisikika honi. "Tumetoka sasa hivi. Wamesema tungoje."

"Tungoje nini?"

"Yule afisa alimwuliza mama yako yuko wapi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nyuma. Mtoto akageuka akaninyooshea kidole." Domina alipandisha sauti juu ya honi. "Afisa akamrudia, akamwambia hapana, mama mzazi, aliyekuzaa. Akasema ndiye huyu. Mimi nikamwambia Edna, sema ukweli. Akasema, mama, si ndio nasema?"

"Halafu?"

"Halafu wakaniita mimi. Nikaeleza. Nimeeleza yote, Adela, na jasho linanitoka. Wakasema makaratasi yanasema hivi na mtoto anasema vile, wanataka uthibitisho mwingine. Wataandika barua. Hawakusema lini." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Nisamehe, mwanangu. Ningemfundisha kukuita vizuri. Sikuona kama ingefika huku."

"Usiseme hivyo, mama. Nipe niongee naye."

Simu ilipokewa na mkono mwingine. Mzee wa Bladensburg aliuliza kutoka chumbani kama uji uko tayari, na Adela akamwambia bado kidogo.

"Shikamoo mama wa Marekani," Edna alisema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Nimewakasirisha?"

"Hujamkasirisha mtu. Walikuuliza mama yuko wapi?"

"Eeh."

"Na yeye alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alikuwa amekaa na mkoba wetu."

"Basi umewajibu," Adela alisema. "Mmekula?"

"Mama amenunua chipsi. Ila zina chumvi sana."

Adela akamwambia wanunue na maji, makubwa, wagawane, maana safari ya kurudi Kibosho ni ndefu na mama hapendi kusimama njiani.